Nyaraka za Milki ya Penrhyn Mjini Bangor: Tathmini ya Msomaji

Chuo Kikuu cha Bangor, kaskazini mwa Wales, kinatunza nyaraka za familia nyingi za wenye ardhi: Mostyn, Baron Hill, Bodorgan, Nannau na nyinginezo. Atakayekuwa na nafasi ya kusoma mkusanyiko mmoja tu kati ya hiyo, ningemshauri aombe ule wa Penrhyn. Uzuri wake hautokani na ukubwa wala ukongwe, ingawa vyote viwili vipo. Unatokana na jambo moja ambalo ni nadra kulipata kwingine, nalo ni kwamba barua za mashamba ya miwa ya Jamaika, hati za ardhi ya wakulima wa Wales na hesabu za machimbo ya sleti, yaani mawe bapa ya kuezekea, zimekaa chini ya jina moja na hufika kwenye meza ile ile ya kusomea. Msomaji halazimiki kuamini maelezo ya mwanahistoria kwamba fedha za utumwa zilijenga sehemu hii ya Wales, kwa kuwa anaweza kumfuata mmiliki yule yule akiandika habari za sukari leo na habari za mawe kesho.

Huduma yenyewe naipa alama za juu. Kitengo cha nyaraka kiko katika jengo kuu la chuo, lile lililofunguliwa mwaka 1911 juu ya kilima kinachoutazama mji, na kutoka kituo cha treni mtu mwenye miguu mizuri hufika bila kutafuta teksi, ila ajue kwamba njia ni ya kupanda. Kutoka London Euston safari ya treni huzidi saa 3 kidogo. Mtu asiye mwanafunzi wala mhadhiri anakaribishwa kama mwingine yeyote, na kusoma ni bure. Lililo la lazima ni kuandika mapema na kutaja namba za nyaraka unazozitaka, kwa sababu makasha hayakai rafuni yakimsubiri mgeni. Huletwa kutoka ghalani, na anayefika mikono mitupu akitumaini kuchaguachagua hapo hapo atapoteza asubuhi nzima. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli inatosha. Katalogi ipo kwenye mtandao, na anayeipitia nyumbani kwa utulivu kabla ya safari atakuwa amekwishafanya nusu ya kazi.

Nianze na sehemu ambayo wageni wengi huipita haraka, nami pia sitakaa nayo sana. Hati za kale zaidi zinahusu Zama za Kati, wakati Penrhyn ilipokuwa mali ya ukoo wa Griffith. Gwilym ap Gruffydd, aliyefariki mwaka 1431, alijikusanyia ardhi nyingi kwa ndoa na kwa kunufaika na anguko la jamaa zake waliomuunga mkono Owain Glyndŵr katika uasi dhidi ya mfalme wa Uingereza. Mwanawe, Gwilym Fychan, aliomba na kupewa haki za kisheria za Mwingereza, kwa kuwa sheria za baada ya uasi huo ziliwabana Wawelisi katika kununua ardhi na kushika vyeo. Mwaka 1622 milki iliangukia mikononi mwa John Williams, mtu wa kanisa na siasa ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa York. Hati hizi ni za Kilatini kwa sehemu kubwa, na mwandiko wake unahitaji mafunzo maalumu. Asiyekuwa nayo asijitese.

Utajiri wa mkusanyiko unaanza pale familia ya Pennant inapoingia. Hawa walikuwa na asili ya Wales, lakini mali yao ilitoka Jamaika, ambako Gifford Pennant alijipatia ardhi katika karne ya 17, muda mfupi baada ya Waingereza kukinyakua kisiwa hicho kutoka kwa Wahispania. Wajukuu zake walirudi Uingereza wakiwa matajiri wakubwa, na mmoja wao, Samuel, alifariki mwaka 1750 akiwa Meya wa London. Mrithi wa yote alikuwa Richard Pennant. Mwaka 1765 alimwoa Ann Susannah Warburton, aliyekuwa mrithi wa nusu ya milki ya Penrhyn, kisha baadaye akainunua nusu ya pili. Mwaka 1783 alipewa cheo cha Baroni Penrhyn. Alikuwa mbunge wa Liverpool, bandari iliyoongoza Uingereza katika biashara ya watumwa, na aliposimama bungeni kupinga hoja za William Wilberforce za kukomesha biashara hiyo alikuwa akitetea mali iliyokuwa inamlisha yeye mwenyewe.

Richard Pennant hakuwahi kutia mguu Jamaika. Mashamba yake ya wilaya ya Clarendon, likiwemo lile lililoitwa Denbigh kwa jina la mji wa Wales, aliyaendesha kwa barua, na ni barua hizo zinazoufanya mkusanyiko huu kuwa wa thamani kubwa. Soma maagizo yake kwa mawakili wake wa kisiwani, yaani wasimamizi aliowakabidhi mashamba, na utamwona bwana shamba akiwa kazini: bei ya sukari, mapipa ya ramu, meli ipi ibebe mzigo, miwa ipandwe wapi, mifugo inunuliwe lini. Barua ilichukua wiki nyingi kuvuka bahari na jibu lilichukua wiki nyingi kurudi, kwa hiyo mara nyingi anatoa amri juu ya hali iliyokwisha kubadilika, huku wakili naye akijibu kwa heshima nyingi na kufanya alivyoona inafaa. Mtu aliyewahi kuendesha shamba la nyumbani kwa simu akiwa ughaibuni atalitambua jambo hili upesi.

Katika mojawapo ya barua hizo umo mstari ambao umenukuliwa mara nyingi, na ni haki kunukuliwa. Pennant anamwagiza mtu wake kwamba hapendi ng'ombe wala watu weusi wafanyishwe kazi kupita kiasi. Ukiusoma peke yake kwenye kitabu, mstari huo unaweza kupita kama ushahidi wa huruma, na wapo waliousoma hivyo. Ukiusoma mahali pake, katikati ya maagizo ya uzalishaji, unaona kwamba ni sentensi ya mhasibu: ng'ombe na mtu wametajwa kwa pumzi moja kwa sababu katika vitabu vya shamba walikuwa upande mmoja wa hesabu, na kuchoka kwa yeyote kati yao kulikuwa hasara. Hii ndiyo sababu nasisitiza mtu asome barua nzima na asitegemee madondoo.

Orodha za watu ndizo ngumu zaidi kuzisoma, na sisemi ugumu wa mwandiko. Zimeandikwa vizuri, kwa mistari iliyonyooka, na karani wake alikuwa na mkono safi. Jina, kazi, hali ya afya; huyu ni mzima, yule ni dhaifu, mwingine hafai tena kazi. Karibu na orodha ya watu kuna orodha ya nyumbu na ng'ombe, iliyopangwa kwa mtindo ule ule. Kama ilivyo kwenye orodha nyingi za Jamaika, majina mengi ni ya Kiingereza au ya miungu ya Warumi, mengine yakionekana kama mzaha wa bwana. Lakini katika Jamaika ya wakati huo yalidumu pia majina ya Waakani wa Afrika Magharibi, ambao humpa mtoto jina kwa siku aliyozaliwa, kama sisi tunavyowaita wetu Juma na Khamisi: Cudjoe ni wa Jumatatu, Quashie ni wa Jumapili. Msomaji Mwafrika akikutana na jina la namna hiyo kwenye ukurasa wa karani hana haja ya kufafanuliwa kwamba aliyeandikwa pale alikuwa na mama aliyemwita.

Barua za Rowland Fearon, wakili wa Lord Penrhyn huko Clarendon mwanzoni mwa karne ya 19, zinafaa kusomwa pamoja na orodha hizo. Fearon anaandika kutoka uwanjani, na kwa hiyo mvua, magonjwa, nyumbu waliokufa na miwa iliyonyauka vinaonekana kwa karibu kuliko katika maagizo yanayotoka kwa bwana. Hata hivyo ni mtu anayelinda ajira yake, na ripoti yake isomwe kwa tahadhari ile ile tunayoitumia kwa ripoti ya msimamizi yeyote anayemwandikia mwenye mali aliye mbali.

Richard Pennant alifariki mwaka 1808, mwaka mmoja baada ya bunge kupiga marufuku biashara ya kuwanunua watumwa Afrika na kuwavusha bahari. Hakuacha mtoto. Mali ilikwenda kwa jamaa yake wa mbali George Hay Dawkins, aliyeongeza jina la Pennant, na ni yeye aliyelipwa fidia utumwa ulipofutwa: pauni 14,683, shilingi 17 na peni 2 kwa ajili ya watu 764. Walioachiwa huru hawakupata hata peni, na wengi wao walilazimishwa kuendelea na kazi kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Wasomaji wa Zanzibar hawatashangaa, kwani amri ya mwaka 1897 nayo iliwaahidi fidia wenye watumwa. Takwimu za fidia ya Uingereza zimewekwa bure kwenye mtandao na University College London, yaani UCL, na ningemshauri yeyote anayekwenda Bangor azipitie kwanza, kwa sababu zitampa majina ya mashamba na miaka, vitu ambavyo vitamrahisishia kuagiza makasha.

Sasa sleti. Mwaka 1782 Richard Pennant alianza kuyachukua machimbo yaliyokuwa yakiendeshwa na wachimbaji wadogo waliokodi vipande vya mlima juu ya Mto Ogwen, akayaweka yote chini ya usimamizi wake. Meneja wake wa Wales, Benjamin Wyatt, alijenga bandari ya Port Penrhyn, na mwaka 1801 ikafunguliwa reli ya magari ya kukokotwa na farasi kuteremsha mawe hadi baharini. Ilichongwa pia barabara kupita bonde la Nant Ffrancon na ikajengwa nyumba ya wageni huko Capel Curig. Vita na Ufaransa vilipoleta kodi ya sleti mwaka 1794, biashara iliyumba, na milki ikageukia kutengeneza vibao vya kuandikia vya watoto wa shule. Kufikia mwisho wa karne ya 19 shimo la Penrhyn lilikuwa ndilo kubwa kuliko machimbo yote ya sleti duniani, na watu karibu 3,000 walifanya kazi humo.

Hapa ndipo mkusanyiko unapolipa uvumilivu wa msomaji. Hakuna waraka mmoja unaosema kwamba sukari ya Denbigh ililipia reli ya Bethesda, mji wa machimbo hayo, na asiwepo wa kwenda Bangor akitarajia kuupata. Kinachopatikana ni miaka inayolingana, watu wale wale wanaotia saini, na mmiliki ambaye kwake mvua ya Clarendon na bei ya mawe London zilikuwa habari za nyumba moja. Ushahidi wa namna hii unataka siku kadhaa na daftari la kunakili tarehe. Anayetafuta sentensi ya kuweka kwenye bango atarudi na malalamiko.

George Hay Dawkins-Pennant ndiye aliyemwita msanifu Thomas Hopper, miaka ya 1820, kujenga Kasri la Penrhyn linaloonekana leo nje ya Bangor, jengo zito lililoiga ngome za Wanormani wakati hapakuwa na adui wa kuzingira chochote. Kasri lilikabidhiwa kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, mwaka 1951, na huko kiingilio hulipwa. Ndani yake kuna kitanda cha sleti chenye uzito wa tani moja, ambacho simulizi husema kilitengenezwa kwa ajili ya Malkia Victoria naye akakataa kukilalia. Mimi ningelitembelea baada ya nyaraka na si kabla, kwani aliyekwisha kusoma orodha za Denbigh hutazama dari zile zilizonakshiwa kwa jicho jingine. Tangu ripoti ya National Trust ya mwaka 2020 kuhusu majengo yake na ukoloni, uhusiano wa kasri na utumwa umetajwa hadharani, jambo lililowaudhi baadhi ya Waingereza. Nyaraka za Bangor zilikuwa zinasema hayo muda mrefu kabla ya ugomvi huo.

Kwa karne ya 20 mkusanyiko wa chuo haujitoshelezi. Mgomo mkubwa wa Penrhyn ulianza Novemba 1900, wanaume wapatao 2,800 walipoacha kazi, na uliendelea kwa miaka 3 chini ya George Sholto Douglas-Pennant, baroni ambaye hakutaka kuitambua kamati ya wafanyakazi wake. Machimbo yalipofunguliwa tena Juni 1901, mamia kadhaa walirudi, na kila mmoja akapewa sarafu ya dhahabu ya pauni moja. Majirani zao wakabandika dirishani kadi zenye maneno ya Kiwelisi yanayosema kwamba ndani ya nyumba hii hakuna msaliti, na dirisha lisilo na kadi likawa limejitangaza. Kwaya za Bethesda zilizunguka Uingereza zikiimba ili kuchangisha fedha za kulisha familia. Wengi walihamia migodi ya makaa ya kusini na hawakurudi tena. Kwa mambo haya, sehemu kubwa ya rekodi za machimbo iko katika hifadhi ya kaunti ya Gwynedd mjini Caernarfon, umbali wa safari fupi ya basi, na anayeandika kuhusu mgomo bila kufika huko atakuwa amesikiliza upande mmoja tu wa mlima.

Kasoro za mkusanyiko ni za asili yake, wala haziwezi kurekebishwa na mtunzaji yeyote. Hizi ni karatasi za mwenye mali. Mkulima wa Dyffryn Ogwen, yaani Bonde la Ogwen, aliyezungumza Kiwelisi nyumbani, kanisani na sokoni anaonekana humu kwa Kiingereza cha wakala: jina, shamba, kodi, deni. Anapotokea akiwa na sauti yake mwenyewe, ni kwa sababu ameandika, au ameandikiwa, ombi la kupunguziwa kodi au kutengenezewa paa, na maombi ni aina ya maandishi ambamo mtu hujinyenyekeza kuliko alivyo. Watu wa Denbigh hawana hata hilo. Baadhi ya wasomaji watasema basi hakuna faida ya kwenda. Sikubaliani nao. Karani aliyeandika kwamba mtu fulani ni mtoro, au kwamba mwanamke fulani amekataa kazi, alikusudia kumharibia sifa kwa bwana, lakini ametuachia habari ambayo mtu huyo asingepata nafasi nyingine ya kutuachia.

Jambo jingine la kuzingatia ni lugha ya katalogi za mikusanyiko ya aina hii. Maelezo mengi yaliandikwa katikati ya karne iliyopita na watu waliofuata maneno ya nyaraka zenyewe, kwa hiyo anayetafuta kwa maneno ya leo atakosa mengi. Tafuta kwa jina la shamba, jina la wakala au jina la wilaya. Tafuta pia kwa maneno ya Kiingereza cha wakati ule, hata yale yanayokera kuyaandika.

Kama ninavyoona, mkusanyiko huu unamfaa zaidi mtafiti wa historia ya utumwa na ya uchumi, kisha mwalimu anayetaka mifano ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba himaya ya Uingereza iliendeshwa pia kutoka vijijini mwake na si London peke yake. Mwandishi wa habari mwenye siku moja tu hatanufaika sana. Anayetafuta ukoo wake wa Jamaika anaweza kubahatika katika orodha, mradi tayari ana jina la shamba. Msaada wa kitaalamu upo karibu, kwa kuwa chuo hicho hicho kina taasisi inayochunguza milki za Wales, iliyoanzishwa mwaka 2013, na kazi zake zinasaidia kuiweka Penrhyn miongoni mwa majirani zake badala ya kuiona kama kioja.

Nikipewa nyota 5 za kugawa, natoa 5 kwa barua za Jamaika, 4 kwa hati za ardhi na ramani, na 3 kwa machimbo, kwa sababu iliyoelezwa ya kugawanyika kati ya Bangor na Caernarfon. Mgeni wa mara ya kwanza aagize barua za Richard Pennant kwa mawakili wake kwanza, orodha za Denbigh zifuate, kisha hesabu za Benjamin Wyatt za miaka ile ile, naye ajipe walau siku 3. Akibakiwa na mchana mmoja, basi la kwenda Bethesda litampeleka hadi Barabara Kuu, ambako wenyeji watamwonyesha kwamba baa zote ziko upande mmoja wa barabara. Upande wa pili ulikuwa ardhi ya Penrhyn.